Nilivyoiondoa Windows ya kraki kwenye steshenari yangu, na namna utakavyoiondoa yako

Steshenari yangu ipo Ngamiani, Tanga, huku kwenye barabara za namba. Nachapa, natoa kopi, napiga picha za pasipoti. Kwa miaka sita kompyuta zangu mbili zilikuwa na Windows ya kraki, yaani ya wizi iliyovunjwa kufuli la leseni, ya kupigwa na fundi, Office ndani, Photoshop ndani, vyote kwa elfu kumi na tano, na mie nikijiona mjanja. Siku moja nikataka programu ya kupangia kadi za harusi, nikaishusha na kraki yake. Maelekezo yakasema: zima antivairasi kwanza. Nikazima. Mgeni gani huyo anayekuomba ufunge mbwa na uzime taa ndipo aingie?

Asubuhi yake kila faili lilikuwa limeota mkia wa herufi nne na halifunguki. Kwenye kila folda mna barua: lipa dola 980, ukiwahi ndani ya saa 72 utalipa 490. Ni ukoo wa STOP/Djvu, virusi vinavyosambazwa sana humo humo ndani ya kraki. Mle mlikuwa na ripoti ya utafiti ya binti wa chuo, kurasa 63, zimebaki siku nne aiwasilishe. Tanga tunasema waja leo waondoka leo. Mgeni huyu wa kraki alikuja akakaa. Sikulipa. Binti tulimchapia upya kutoka kwenye nakala ya karatasi iliyosahihishwa na mwalimu wake, tukakesha mara mbili, bila kumtoza hata shilingi. Hadi leo akipita salamu yake si ile ya zamani.

Sasa kazi. Jua kwanza ulicho nacho. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika slmgr /dli, kisha Enter. Kitafunguka kidirisha. Ukiona OEM_DM, leseni ilikuja na mashine kutoka kiwandani. RETAIL ni ya kununuliwa. Ukiona VOLUME_KMSCLIENT, na kompyuta ni yako mwenyewe, si ya ofisi wala ya chuo, hiyo ni kraki: leseni ya aina hiyo hupewa mashirika yenye seva yao, na hudumu siku 180 mpaka ihuishwe tena. Rudia kwa slmgr /xpr. Ikikutajia tarehe ya kwisha, jibu umelipata. Ikikwambia ni ya kudumu usipige vigelegele bado, maana zipo kraki zinazojifanya za kudumu.

Hapa ndipo nilipojicheka. Laptopu nyingi zilizotoka na Windows 8 na kuendelea, yaani kuanzia 2012, zina ufunguo wa leseni ulioandikwa ndani ya mashine yenyewe. Fundi anakuja, anapiga Windows toleo la Pro la wizi juu ya mashine yenye toleo la Home halali, na wewe unamlipa! Fungua PowerShell, dirisha la kuandikia amri lililomo humo humo kwenye Windows, andika (Get-CimInstance SoftwareLicensingService).OA3xOriginalProductKey. Zikitokea herufi na namba 25, usinunue kitu. Laptopu yangu ilikuwa nao, miaka yote sita.

Basi nakili nyaraka na picha zako kwenye diski ya nje. Nyaraka na picha tu. Programu yoyote uliyoishusha iache ife. Nenda tovuti ya Microsoft, shusha chombo chao cha kutengenezea flashi ya Windows. Flashi iwe ya GB 8 au zaidi, na bando liwe la kutosha. Mie nilisubiri la usiku. Wakati wa kupiga Windows kutoka kwenye flashi hiyo, futa sehemu zote za diski ya kompyuta, chagua toleo lile lile la leseni yako, kama ni Home basi Home. Ukiunganisha intaneti itajiidhinisha yenyewe. Mashine iliyozaliwa na Windows 10 ni mteremko. Ya Windows 8 ina mashaka, kwani njia ya kupandia bure toleo jipya kwa ufunguo wa zamani Microsoft waliifunga Septemba 2023. Na hizo funguo za bei ya chipsi mayai zinazouzwa mtandaoni ziache: nyingi ni za mashirika, zikifungiwa hurudishiwi pesa.

Kompyuta ya pili haikuwa na ufunguo wowote. Nikaiwekea Linux Mint, mfumo wa bure unaokaa mahali pa Windows. Printa iligoma siku nzima, draiva ikapatikana kesho yake, na tangu hapo haijanisumbua.

Kwa Office nimehamia LibreOffice, halali na bure hata kwa biashara. Jambo moja usilisahau: kwenye Tools, Options, Load/Save, General, iagize ihifadhi kwa .docx, la sivyo mteja atarudi analalamika faili halifunguki kwake. Hakikisha una fonti za Carlito, Caladea na Liberation Serif. Upana wa herufi zake ni ule ule wa Calibri, Cambria na Times New Roman, kwa hiyo kurasa hazihami. Jedwali la yaliyomo huwa linavurugika mara moja moja, ndiyo maana ripoti za wanafunzi sasa nazitaka kwa PDF.

Photoshop imenitoa jasho. Matoleo mapya tangu 2013 ni ya kulipia kila mwezi au mwaka, na mapato ya picha za pasipoti hayawezi kuibeba. Nikajifunza GIMP, programu ya picha ya bure, wiki tatu za kununa.

Angalia pia neno “bure”. TeamViewer, ya kuendeshea kompyuta iliyo mbali, ni bure kwa matumizi binafsi, na steshenari si matumizi binafsi. WinRAR, ya kufungulia mafaili yaliyobanwa, ni ya kujaribu siku 40, ingawa haikufukuzi; tumia 7-Zip, ya bure kweli.

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ya 1999 inalinda programu za kompyuta kama inavyolinda vitabu, kwa hiyo risiti ya leseni yoyote utakayonunua itunze. Ufunguo wa laptopu nimeuandika kwenye daftari la madeni, ukurasa wa mwisho, chini ya jina la mama wa vitumbua anayedaiwa kopi arobaini.