Mpapai usipulizwe dawa magharibi

Wakulima wa Kisauni, Mwakirunge na Likoni, haya nishayasema kwa mdomo mpaka nimechoka, sasa nayaandika. Najua mtanijibu "lakini afisa, si nyinyi ndo mlotuambia tupige dawa jioni tusiue nyuki?" Kweli tulisema, na kwa matikiti na matango iko sawa, lakini kwa mpapai mchavushaji mkuu, yaani mbeba chavua toka ua hadi ua, ni nondo, wale wakubwa wenye mwili mnene wanaoelea mbele ya ua kama helikopta wakinyonya, na zamu yao yaanza jua likizama, kati ya saa 12 na robo na saa 1 na robo. Saa hiyo hiyo wewe ndo wabeba pampu!

Juzi mama mmoja Mwakirunge kanipigia, "mwanangu njoo uone, mipapai yamwaga maua." Nafika nakuta maua ya majike yametapakaa chini, pampu imetundikwa kwa mti bado yadondoka, na chini ya shina nondo wawili, mmoja ulimi umekunjuka kama uzi wa cherehani. Sikuwa na la kuuliza.

Sasa shika hii. Puliza asubuhi, saa 12 na nusu hadi saa 3, kabla upepo wa bahari haujashika. Kwa wale wadudu weupe kama pamba anza na sabuni ya maji, mililita 10 kwa lita 1, yaani pampu ya lita 20 yataka mililita 200, pima, sio kumimina kwa kifuniko ukikadiria. Jaribu jani moja kwanza ungoje siku nzima. Nozeli ielekee chini ya majani na kwa matunda, maua yaache. Saa 9 alasiri pampu iwe stoo.

Halafu vichaka vya mpakani, makao ya hao nondo, mwavifyeka vyote kwa nini? Utafiti wa Dino Martins na Steven Johnson wa 2009 uliangalia jambo hili hili, mpapai kuwa mbali na msitu na uchavushaji wa nondo. Na kiwavi mwenye kipembe mkiani kwa viazi vitamu mwamponda, kumbe ndo nondo mwenyewe huyo bado mtoto. Mwachie mashina mawili matatu ya pembeni. Taa ya sekuriti juu ya mipapai pia izime mpaka saa 2 usiku, isiwavuruge nondo.

Kijipapai kikishika kisidondoke, imekubali.

Na mwenye mpapai aina ya Solo asijitoe, yake yajichavusha lakini nondo wa jirani wapita kwake pia.