Kibali cha kuonyesha filamu na kujadili amani mtaani Kigoma: usianze na polisi

Kikundi chetu cha vijana hapa Ujiji kilitaka kuonyesha filamu moja ya dokumentari, dakika 52, kuhusu familia za Burundi zilizorudi kwao baada ya miaka mingi ya ukimbizi na kukuta shamba lao linalimwa na mtu mwingine. Filamu ikiisha, watu wabaki wajadili. Uwanja tulikuwa nao, projekta ya kuazima ipo, na mama mmoja wa mtaani alishatushonea shuka mbili nyeupe ziwe moja. Tarehe tuliyoichagua ni 21 Septemba, Siku ya Kimataifa ya Amani. Tulionyesha tarehe 10 Desemba, ambayo ni Siku ya Haki za Binadamu. Wageni walitusifu kwa kuchagua siku yenye maana. Hatukuichagua.

Naandika haya ili wewe usipoteze wiki kumi na moja kama sisi.

Kosa letu lilikuwa la kwanza kabisa: barua ya kwanza tuliipeleka polisi. Tulidhani mkusanyiko ndio jambo zito, filamu ni picha tu. Afande aliisoma yote, akaikunja taratibu, akauliza, "Filamu yenyewe imekaguliwa na nani?" Tukaangaliana. Akaturudishia barua bila muhuri, kwa upole kabisa, na hapo ndipo safari ilipoanza.

Kumbe ombi lako moja ni maombi mawili. Filamu ina sheria yake, Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza Na. 4 ya 1976, inayotaka filamu ikaguliwe kabla ya kuonyeshwa hadharani, hata kama hutozi kiingilio na watazamaji ni majirani zako. Mkusanyiko nao una sheria yake, ile ya Jeshi la Polisi, inayotaka taarifa si chini ya saa 48 kabla. Hizi mbili hazisubiriani kwa adabu. Ukianza na ya pili, unarudishwa kwenye ya kwanza, na tarehe uliyotangaza inapita ukiwa kwenye benchi.

Basi anza kwa afisa utamaduni wa halmashauri yako. Kama filamu imeshapewa daraja na Bodi ya Filamu Tanzania, ambatisha nakala ya cheti na nusu ya kazi imeisha. Kama haijapewa, yeye ndiye atakayekuambia ikaguliwe ngazi gani. Usikisie, wala usimsikilize rafiki yako aliyeonyesha mpira kwenye banda lake mwaka juzi akasema "hakuna shida".

Beba hivi: barua ya maombi, cheti cha usajili wa kikundi, filamu kwenye flash, muhtasari wa filamu kwa Kiswahili usiozidi kurasa mbili, na barua ya mwenye filamu inayokuruhusu kuionyesha hadharani bure. Hiyo ya mwisho wengi huiruka. Kununua filamu au kuipakua hakukupi haki ya kuionyesha kwa watu 150. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 iko wazi kwa hilo. Habari njema ni kwamba watengenezaji wa dokumentari za aina hii huwa wanafurahi kuombwa. Wetu alijibu barua pepe siku mbili tu, na hakuna ofisi nyingine katika safari hii iliyomkaribia kwa kasi. Ila alijibu kwa Kifaransa, kwa hiyo tukatafsiri.

Na tafsiri ndiyo iliyotumaliza. Filamu ni Kirundi na Kifaransa, maandishi ya chini ni Kiingereza. Tukaambiwa tulete maneno yote ya filamu kwa Kiswahili, yamechapwa, yamesainiwa na aliyetafsiri. Dakika 52 zikawa kurasa 31. Siku ya ukaguzi, mjumbe mmoja wa kamati inayokagua filamu alikuwa anacheka kabla hata maandishi hayajatokea kwenye skrini, maana Muha, mwenyeji wa Kigoma, hahitaji mkalimani wa Kirundi. Lakini karatasi yake aliidai, na kila ukurasa aliufunua. Kwa hiyo kama filamu yako si ya Kiswahili, anza kutafsiri leo, kabla hata ya kuandika barua.

Peleka flash mbili. Yetu ya kwanza ilipotelea njiani kati ya ofisi mbili ambazo sitazitaja, na kwa siku tisa kila nilipouliza niliambiwa "ipo kwenye mchakato". Mchakato ni droo. Siku ya kumi niliacha kuuliza flash iko wapi, nikauliza, "Mama, niwaletee nyingine?" Jambo likasogea siku hiyohiyo. Uliza pia mapema wajumbe wa kamati ni wangapi na wanakutana lini, kwa sababu hawakai kila wiki, na mmoja akiwa safarini Dodoma utamsubiri. Ukitakiwa kulipa ada yoyote, omba kontrol namba, yaani namba ya malipo ya serikali, na ulipe kwa simu au benki. Ukisikia "tuachie tu hapa", toa tabasamu, uombe namba tena.

Sasa barua yenyewe. "Husika na kichwa cha habari hapo juu" unaijua, sitakufundisha. Kinacholeta kizaazaa ni hicho kichwa cha habari. Sisi tuliandika "YAH: OMBI LA KIBALI CHA KUONYESHA FILAMU NA KUFANYA MAJADILIANO KUHUSU AMANI NA HAKI YA JAMII". Swali la kwanza tulilopewa: "Haki ya nani?" La pili: "Kuna chama hapa?"

Wapo watakaokushauri uandike "burudani" yaishe. Nakataa. Kibali cha burudani kikishatoka, halafu saa tatu usiku mzee akasimama na kipaza sauti kusema juu ya shamba lake, mgambo akipita utakuwa umevunja kibali chako mwenyewe, na mwaka unaofuata hutapewa hata cha ngoma. Andika kweli, kisha uifafanue kwenye kiambatisho. Sisi tuliambatisha maswali matano ya mjadala, kwa mfano "Mtu aliyelima shamba miaka ishirini na mtu aliyelikimbia, nani asikilizwe kwanza?", pamoja na jina la mwongoza mjadala na sentensi moja kwamba hakuna kiongozi wa chama aliyealikwa kuzungumza.

Tuliongeza pia aya fupi kwamba mazungumzo ya amani ya Burundi yalianza na Mwalimu Nyerere kama msuluhishi, na alipofariki mwaka 1999 Nelson Mandela akayapokea hadi Mkataba wa Arusha wa Agosti 2000, na kwamba suala la ardhi ya wakimbizi wanaorudi limo ndani ya mkataba huo. Sikuiweka kwa ujanja, ni historia ya mada yetu. Lakini lazima niseme kwamba jina la Mwalimu lilipoonekana, mzee mmoja aliyekuwa anaisoma barua kwa kuinamisha miwani aliivua, akaanza kutusimulia wakimbizi waliopokelewa hapa Kigoma mwaka 1972. Alisimulia nusu saa. Hakuna aliyetuuliza tena habari za chama.

Mwenyekiti wa mtaa na mtendaji wa kata ni rahisi. Nenda asubuhi na nakala tatu, upate saini na muhuri.

Ukishashika barua ya filamu, sasa nenda polisi. Sheria inasema saa 48, wewe peleka siku kumi kabla, maana mkubwa akiwa nje ya kituo hakuna wa kuitolea uamuzi. Usiondoke bila nakala yako kugongwa muhuri wa kupokelewa na tarehe. Kama utapita na spika kwenye bajaji kutangaza, uliza halmashauri kuhusu kibali cha matangazo, ni karatasi nyingine.

Muda nao uandike kwa akili ya Kigoma. Barua yetu ya kwanza ilisema filamu inaanza saa kumi na mbili jioni, tuliiga ratiba ya watu wa Dar. Huku magharibi jua linazama karibu saa moja, na kwenye shuka nyeupe hutaona kitu hadi saa moja na nusu. Halafu ukiwa Ujiji, adhana ya isha inaingia mjadala haujaanza. Tulibadilisha: filamu ianze saa moja na nusu, isimame kwa adhana, imalizike, mjadala hadi saa nne. Omba saa nne usiku tangu mwanzo. Kuongeza saa moja kwenye kibali kilichokwisha sainiwa ni kuanza barua upya.

Na ukichelewa hadi Oktoba, sahau uwanja, mvua zimeanza. Sisi tuliishia ukumbini, na kodi ya ukumbi ndiyo iliyokula fedha za chai.

Jambo moja zaidi, kwa wanaotaka kupeleka filamu kama hii kwenye kambi ya wakimbizi kama Nyarugusu: vibali hivi vyote havikufikishi getini. Kambi za wakimbizi ziko chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani na zina kibali chake cha kuingia. Usiandike kambi na mtaa kwenye barua moja, utakwamisha vyote viwili.

Baada ya onyesho utatakiwa kupeleka ripoti fupi: waliohudhuria, yaliyojadiliwa, picha mbili. Yetu iko tayari. Nitaipeleka siku nitakayokwenda kuiulizia ile flash.