Somo: Kusoma hali ya hewa ya ngano ya machipuko, North Dakota na majirani zake

North Dakota ni jimbo la kaskazini mwa Marekani. Huko ngano ya machipuko hupandwa Aprili na Mei, theluji ikishayeyuka, na kuvunwa Agosti hadi mwanzoni mwa Septemba. Wengi hujumlisha mvua ya msimu mzima kisha wakatabiri mavuno, ilhali mvua ileile inayookoa shamba mwezi Juni yaweza kuliharibu Agosti. Kwa hiyo ufuate umri wa mmea kwanza, ndipo utazame mawingu.

Hatua ya 1: Tarehe ya kupanda. Ngano huota hata udongo ukiwa na nyuzi 4 hivi za Selsiasi, hivyo kinachosubiriwa zaidi ni udongo kukauka kiasi cha kubeba trekta. Mwaka 2022 dhoruba za theluji za Aprili zilichelewesha upandaji, na kuchelewa huumiza kwa sababu kuchanua husogezwa kwenye joto kali la Julai. Jalidi ya Mei isikutishe upesi: mmea ukiwa na majani machache, sehemu inayokua bado imo chini ya udongo, na majani yakiungua hutoka mengine.

Hatua ya 2: Machipukizi ya pembeni. Ubaridi na unyevu wa mapema huuwezesha mmea kuzaa machipukizi mengi, na kila moja laweza kutoa suke. Ukame huufanya uyaache yafe, na masuke yanayobaki huwa mafupi. Hasara hiyo hairudishwi na mvua ya baadaye.

Hatua ya 3: Kuchanua na kujaza punje. Hapa ndipo ninapowasihi mkae kwa makini zaidi. Joto la zaidi ya nyuzi 30 hufupisha muda wa kujaza, punje zikabaki nyembamba. Lakini unyevu wa siku nyingi wakati wa kuchanua huleta ugonjwa wa ukungu (kuvu) wa masuke, ambao mwaka 1993 uliangamiza mashamba mengi ya bonde la Red River, mpakani mwa North Dakota na Minnesota, na ambao huacha sumu ndani ya punje zinazoonekana nzima.

Hatua ya 4: Mavuno. Omba ukavu, kwani mvua ya wakati huu huzifanya punje zichipue zikiwa bado kwenye suke, na unga wake hautoi mkate mzuri.

Maswali ya wanachama

Swali: Mwalimu, sisi wa Narok, Kenya, hatuna theluji. Somo hili latuhusu?
Jibu: Ndiyo, ndugu yangu. Ngano yetu nayo ni ya jamii hiyo, isiyohitaji baridi kali ili itoe suke. Hata magonjwa yanatuunganisha: baada ya kutu ya shina ya Ug99 kutambuliwa Uganda, kwa sampuli za mwaka 1998, ngano za Amerika Kaskazini zimekuwa zikipimwa Njoro, hapa Kenya.

Swali: Nasikia ukame hupandisha protini. Je, si faida?
Jibu: Punje isiyojaa ina wanga kidogo, kwa hiyo kiwango cha protini huonekana kikubwa. Mnunuzi aweza kuongeza bei, lakini ukame wa 2021 ulipunguza magunia kiasi ambacho nyongeza hiyo haikuweza kufidia kwa wengi.

Swali: Taarifa ya kila wiki ya Idara ya Kilimo ya Marekani yaaminika?
Jibu: Yaaminika kama macho ya walio karibu na mashamba, kwani hupanga mazao kuanzia mabaya sana hadi mazuri kabisa kwa kuyatazama. Linganisha wiki na wiki. Kushuka kwa ghafla wakati wa kutoa masuke kuna uzito kuliko kule kwa Mei.