Hita ya maji ya gesi: namna ya kuifanyia sevisi kabla haijakudhuru

Asubuhi ya Kabale, kusini-magharibi mwa Uganda, maji ya bombani yanauma mikono, na aliyekwisha kufunga hita ya gesi hataki tena kurudi kwenye sufuria. Mimi ni fundi wa vyombo hivi. Karibu kila ninapoitwa, hita imeshagoma. Natamani niitwe mapema, kwa sababu hita iliyogoma haimuui mtu. Ya kuogopwa ni ile inayowaka vibaya huku bado inatoa maji moto, na mwenye nyumba anaona kila kitu kiko sawa.

Kwanza, soma moto. Fungua bomba la maji moto, chungulia kwenye kidirisha cha hita. Moto uwe wa buluu, umetulia. Ukiona ndimi za njano, au masizi juu ya kava, gesi haiungui yote, na hapo inatoka kaboni monoksidi, hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Mtu huanza kwa kichwa kuuma, kizunguzungu na kichefuchefu, akitoka nje anapata nafuu, basi anadhani ni malaria au uchovu. Hita ya namna hiyo izime leo, usingoje mwisho wa mwezi.

Sababu ninazokutana nazo ni vumbi na utando wa buibui kwenye matundu ya kuingizia hewa, masizi yaliyoziba mapezi ya rejeta ya shaba, ile sehemu inayopasha maji, au regulata (kile kifaa cha kupunguza presha ya gesi kutoka mtungini) isiyo yake. Huku kwetu, karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, kwa hiyo hita iliyowaka vizuri Entebbe inaweza kuja kuwaka njano hapa.

Pili, funga na pooza. Funga valvu ya mtungi, toa betri, acha hita ipoe.

Tatu, mpira na regulata. Kunja mpira taratibu: ukiona nyufa, au umekakamaa, badilisha. Tazama pia tarehe iliyochapwa juu yake. Presha ya regulata ilingane na ile iliyoandikwa kwenye kibati kilichobandikwa kwenye hita. Nyingi zimeandikwa paskali 2800. Ile regulata ya presha kubwa ya majiko ya hoteli usiifunge hapa hata kwa siku moja.

Nne, povu. Fungua valvu ya mtungi tena, paka maji ya sabuni kwenye kila kiungo. Mapovu yakifura, gesi inavuja. Usijaribu kwa kiberiti. Gesi hii ni nzito kuliko hewa, inalala chini sakafuni ikingoja cheche.

Tano, chujio. Funga maji, fungua nati ya maji yanapoingilia, toa kichujio, kisugue kwa mswaki wa zamani. Dakika 5 zinatosha.

Kufungua bana, yaani pale gesi inapowakia, kusafisha rejeta na kupima presha mwachie fundi, lakini simama naye. Mwambie akuonyeshe uchafu alioutoa, kisha awashe mbele yako uone rangi ya moto. Aliyepangusa kava kwa kitambaa akadai pesa hajafanya sevisi. Mara moja kwa mwaka inatosha. Nyumba iliyo kando ya barabara ya vumbi, miezi 6.

Maswali yenu

*Fundi, mume wangu anataka hita iwe ndani ya bafu isinyeshewe. Ni sawa?*
Hapana, mama. Bafu dogo, mlango umefungwa, hita inakula hewa ileile mnayovuta. Ifungeni ukutani nje chini ya paa, mkinge mvua bila kuziba matundu yake.

*Inalia tak-tak-tak lakini haishiki moto. Niko ghorofa ya juu.*
Badilisha betri kwanza, zote mbili pamoja. Ikikataa, tatizo ni presha ya maji: tanki likikaa karibu usawa mmoja na hita, maji hayana nguvu ya kufungua gesi. Linyanyue mita 2 au 3 juu yake, au weka pampu ndogo.

*Mtungi wangu wa kilo 6 unaota barafu na maji yanapoa nikiwa katikati ya kuoga. Jirani anasema niulaze.*
Usiulaze, ndugu yangu. Gesi ikiwa bado katika hali ya kimiminika itaingia kwenye regulata na moto utaruka. Hita ya lita 6 kwa dakika inakula karibu kilo 1 kwa saa, na mtungi mdogo hauwezi kutoa mvuke kwa kasi hiyo bila kuganda. Tumia mtungi mkubwa, na usiupashe moto kamwe.

*Harufu inazidi gesi ikikaribia kuisha. Inavuja?*
Mara nyingi ni kile kiambato cha harufu, ambacho hubaki kwa wingi chini ya mtungi. Hata hivyo paka sabuni. Ukiona povu, funga valvu, fungua madirisha, usiguse swichi ya taa, toa watoto nje, ndipo unipigie.