Kumchua mtu kiuno nyumbani bila kumuumiza, hatua kwa hatua

Habari zenu ndugu zangu. Mimi ni mtu wa mazoezi tiba hapa hapa Dar, na wengi ninaowashika ni watu wa bodaboda, makuli wa Kariakoo, mama ntilie wanaoinamia masufuria tangu alfajiri, na nyie mnaosimama kwenye mwendokasi toka Kimara mpaka Kivukoni. Kuna kitu kinaniumiza roho sana. Mtu kiuno kikimkaza anaita mtoto amkanyage mgongoni, au anaenda saluni anakunjwa mpaka mifupa ilie, afu kesho yake ndo analetwa kwangu kabebwa. Mikono inasaidia kweli, ila iwe ya taratibu, na ujue inamfungulia mtu muda mfupi tu wa nafuu ambao inabidi autumie kujongea.

Hatua ya kwanza, uliza kabla hujashika mafuta. Mkojo unatoka kama kawaida? Akijisafisha chooni anahisi vizuri au kuna ganzi? Mguu umelegea, anauburuza? Hapo jibu likiwa baya usichue kabisa, mpeleke hospitali usiku huo huo, msisubiri kukuche, maana mishipa ya fahamu ikibanwa chini ya uti wa mgongo saa zinahesabika. Uliza pia kama kaanguka, kama ana homa, anakonda, anatoka jasho usiku (TB ya mgongo kwetu ipo jamani), au kama aliwahi kuugua saratani. Huyo naye anaanza kwa daktari. Bibi ambaye mifupa yake imedhoofika usimkandamize.

Akiwa salama, msimamishe ainame mbele taratibu uangalie vidole vinafika wapi, magotini au katikati ya muundi. Kumbuka hapo, utapahitaji baadae.

Kumlaza: godoro linalobonyea halifai, tandika mkeka na blanketi chini, alale kifudifudi na mto chini ya tumbo ili kiuno kisidumbukie. Mjamzito alale ubavu. Weka taulo ya maji ya moto kiunoni kama dakika 10, ila ijaribu kwanza kwenye mkono wako mwenyewe.

Sasa kuchua kwenyewe, na hapa ndo watu wanakosea. Mafuta ya nazi kidogo tu yanatosha. Weka viganja viwili kiunoni ukae tu bila kubonyeza, mpaka usikie pumzi yake imeshuka, kwa sababu misuli ya mtu mwenye hofu inajikaza kulinda mgongo na ukipigana nayo inakaza zaidi. Afu panda kwa viganja kutoka juu ya makalio kuelekea mbavuni, pande mbili za uti wa mgongo, USIPITE juu ya pingili zenyewe. Chini ya mbavu kuna figo, pale nenda kwa wepesi. Ukikuta sehemu ngumu kama kamba, tuliza kitako cha kiganja hapo, bonyeza pole pole, hesabu mpaka 30, ukimuuliza maumivu ni ngapi kati ya sifuri na kumi. Yakizidi nne punguza. Mwaka wangu wa kwanza kazini nilimbonyeza baba mmoja kwa nguvu zangu zote nikidhani namsaidia, kesho yake akashindwa kuinuka kitandani, na mpaka leo nikimshika mtu namkumbuka yule baba.

Usisahau makalio, ile sehemu ya juu kwa pembeni, wengi wanaokaa kwenye pikipiki siku nzima kamba zao ziko hapo. Malizia kwa kushika nyonga pande zote mbili ukimyumbisha kidogo kidogo kama unabembeleza mtoto. Dakika 15 kwa jumla zinatosha.

Ukimaliza kumchua asipitiwe na usingizi! Alale chali, magoti yakunjwe, ayapeleke kulia na kushoto mara 10. Afu ageuke kifudifudi aegemee viwiko, akiweza anyooshe mikono huku kiuno kimelegea. Robin McKenzie, mtu wa mazoezi tiba wa New Zealand, aliligundua hili kwa bahati mwaka 1956: maumivu yaliyoshuka mguuni yakianza kupanda kurudi kiunoni ni dalili nzuri hata kama kiuno chenyewe kinauma zaidi kwa muda, ila yakizidi kushuka kuelekea unyayo, acha zoezi hilo. Ainame tena uone vidole vimefika wapi, kisha atembee hata mpaka dukani na kurudi.

Mtaniuliza mikanda ya kiuno. WHO, yaani Shirika la Afya Duniani, kwenye mwongozo wao wa Desemba 2023 kuhusu maumivu sugu ya kiuno wamekubali kuchua na mazoezi, mikanda wakasema isitumike kama tiba ya kawaida, na mimi nakubaliana nao, hela hiyo nunua matunda.

Rudia kila baada ya siku moja, mazoezi yawe kila siku. Kesho yake misuli ikiuma kama katoka kucheza mpira ni kawaida, itaisha ndani ya siku moja au mbili. Wiki sita zikipita bila nafuu, au ganzi ikianza mguuni, weka mafuta pembeni umpeleke kwa mtaalamu.