Kufunga betri ya pili kwenye pikapu ya volti 12 na kuhakikisha inajaa

Shemeji yangu hubeba samaki kwa pikapu ya zamani ya dizeli, na betri ya pili aliyofungiwa kwa ajili ya friji ilikuwa ikiisha kila alfajiri. Tulifumua kazi yote na kuianza upya kwa utaratibu huu.

Hatua ya 1. Nunua betri ya sola, kwa kuwa betri ya kuwashia gari hufa mapema ikinyonywa usiku kucha. Betri ya maji hutoa gesi inayoshika moto, kwa hiyo ifunge nje ya kebini.

Hatua ya 2. Tandaza waya wa shaba wa milimita za mraba 16. Mafundi wengi hutumia wa 6, ambao kwa mita 5 za kwenda na 5 za kurudi hupoteza zaidi ya volti 1 ukipitisha ampea 40. Bei ya waya mnene inauma, lakini katika hili sibishani na mtu.

Hatua ya 3. Weka fyuzi ya ampea 60 karibu na kila betri, kwani waya ukichubuka katikati utapokea umeme kutoka pande zote mbili.

Hatua ya 4. Funga rilei (swichi inayojiwasha na kujizima kwa umeme) inayohisi volti, ambayo huunganisha betri mbili volti zikifika takriban 13.3 na kuziachia zikishuka hadi 12.8. Rilei inayoamshwa na ufunguo siipendi, maana ukipiga stata betri ya pili nayo huvutwa, na fyuzi hukatika.

Hatua ya 5. Funga waya wa hasi. Hapa ndipo tulipopoteza mchana mzima. Injini ikinguruma, betri ya mbele ilisoma volti 14.2 na ya nyuma 12.7, ilhali kila kiungo tulichopima kwa mlio wa mita kilionekana kizima. Mlio huo hudanganya, kwa sababu mita hupitisha umeme kidogo mno, na hata uzi wa boliti unaogusa chuma kwa shida huutosheleza. Tulipojaribu kupima volti injini ikiwa imezimwa tukapata sifuri kila mahali, jambo lililotuchanganya zaidi, kumbe volti hazipotei pasipo umeme kutembea. Kwa hiyo washa injini, washa na friji, kisha weka ncha moja ya mita kwenye chanya ya mbele na nyingine kwenye chanya ya nyuma. Halafu fanya vivyo hivyo kwa hasi. Sisi tulipata 0.2 upande wa chanya na 1.3 upande wa hasi. Boliti ilikuwa imekazwa juu ya rangi ya chesisi. Tulikwangua kwa msasa hadi chuma kikang'aa, tukakaza, tukapaka grisi juu yake ili kutu isirudi, na hasara ikashuka hadi 0.1.

Hatua ya 6. Kama ulitoa fyuzi ili kushika nyaya, zirudishe mwisho kabisa.

Mwenye lori la volti 24 asichukue volti 12 kutoka betri moja kati ya mbili zake, kwani hiyo itabaki nusu tupu huku mwenzake ikichemka.