Namna ya kukataa amri inayopingana na dhamiri yako

Mwaka 1961, katika Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, mwanasaikolojia Stanley Milgram aliwakalisha watu wa kawaida mbele ya mashine yenye swichi 30, kuanzia volti 15 hadi 450. Kila mara "mwanafunzi" aliyekuwa chumba cha pili alipokosea jibu, walitakiwa kumpiga shoti na kupanda swichi moja. Umeme ulikuwa wa uongo na "mwanafunzi" alikuwa akiigiza, nao hawakujua. Kati ya washiriki 40 wa jaribio lililochapishwa 1963, 26 walifika mwisho. Wengi walitetemeka na kutokwa jasho. Dhamiri ilikuwepo, kilichokosekana ni njia ya kutokea, na njia hiyo huandaliwa mapema.

Anza kwa kuweka mpaka kabla amri haijafika, tena mpaka unaoshikika. "Nitatenda haki" haitakusaidia. "Sisaini hesabu nisiyoiona" itakusaidia. Swichi zilipishana kwa volti 15 tu, na aliyekwisha kubali 135 ataikataa 150 kwa hoja gani? Hata hivyo, katika majaribio yake yaliyofuata, walioacha waliacha zaidi hapohapo kwenye 150, pale mwanafunzi alipodai kwa mara ya kwanza atolewe. Anayeumizwa akisema "basi" mara ya kwanza, simama.

Kukataa ni kuondoa mkono. Wengi walilalamika, wakaambiwa na mtafiti aliyekuwa nao chumbani "tafadhali endelea", wakaendelea. Sema "siendelei", kisha nyanyuka. Usiulize nani atawajibika: mtafiti alipojibu kwamba ni yeye, watu walipata ahueni na kubonyeza tena.

Ondoka mbele ya mkubwa. Omba muda, omba amri kwa maandishi, toka chumbani. Mtafiti alipoagiza kwa simu, waliotii hadi mwisho walishuka kufikia kama mmoja kati ya watano. Lakini baadhi walibonyeza swichi ndogo kwa siri huku wakiripoti kwamba wanapandisha. Hiyo ni huruma, ila amri inabaki imesimama na kesho atapewa mwingine.

Tafuta mwenzako mmoja mapema. Watu wawili waliojifanya washiriki wenzake walipogoma mbele ya mshiriki, ni 4 tu kati ya 40 waliofika mwisho.

Hatari kubwa kuliko zote ni kazi ya pembeni. Mtu mwingine alipobonyeza swichi na mshiriki akabaki na kazi ndogo ya kusaidia, 37 kati ya 40 waliendelea hadi mwisho. Anayechapa orodha, anayefungua geti na anayegonga muhuri wajiulize: nikiacha mimi, kazi hii itaendelea vilevile?

Na kama umeshaanza? Kuacha katikati ni kugumu kwa sababu kunahukumu yote uliyokwisha fanya, ndiyo maana watu husonga mbele. Likubali hilo kwa sauti: "Nilikosea kufika hapa, naishia hapa." Kisha andika siku hiyohiyo amri ilivyotolewa, saa, na waliokuwepo.